Aliyekufa Kabla ya Kumaliza Naye ni Wetu

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kusikia habari za ule ubao utakaotundikwa katika ukumbi wa shule. Wanafunzi wa zamani wamechanga fedha, fundi seremala amekwisha kupewa mbao za mninga, na muhula ujao, Mungu akipenda, majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki yataandikwa pale kwa rangi ya dhahabu. Shauri hili ni jema, wala sidhani kwamba yuko atakayelipinga. Mimi mwenyewe nililisoma tangazo kwa furaha mpaka nikafika kwenye sharti la tatu, lisemalo kwamba ataandikwa yule tu "aliyehitimu na kupata cheti cha shule hii". Hapo furaha ikaniishia.

Kwa heshima zote kwa wakubwa zangu wa kamati, ambao baadhi yao wana umri wa baba zangu, nasema sharti hilo halifai, nalo lifutwe kabla fundi hajashika patasi. Sitaki kutegemea huruma peke yake, maana huruma ya leo kesho imekwisha sahauliwa. Nitaleta mfano wa shule nyingine iliyofikwa na jambo hili hili kwa uzito mkubwa kuliko wetu. Ni shule ya mabaharia, nayo iko mbali sana na hapa, huko Kings Point, karibu na mji wa New York, katika Marekani.

Chuo hicho ni cha serikali, nacho hufundisha vijana watakaoendesha meli za biashara. Wako wa sitaha, yaani wale wa usukani, ramani na shehena. Na wako wa mitambo, yaani wale wa chini penye joto na kelele. Mpango wa kuwafundisha ulianzishwa mwaka 1938. Chuo chenyewe cha Kings Point kilifunguliwa rasmi tarehe 30 Septemba 1943, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto, na vijana wengine walikuwa wakifundishwa katika vituo vya California na Mississippi.

Sasa yafaa msomaji ajue jambo moja juu ya elimu ya ubaharia, kwani bila hilo hatanielewa. Elimu hii haimaliziki darasani. Mwanafunzi husoma nchi kavu kwa muda, kisha hupandishwa katika meli ya kweli, yenye shehena ya kweli, chini ya nahodha asiyemjua, akae huko miezi kadha wa kadha, ndipo arudi darasani na kumaliza. Wakati wa amani, hiyo ndiyo sehemu ya masomo ambayo kila kijana huingojea kwa hamu. Lakini wakati ule meli za biashara zilikuwa zikibeba chakula, mafuta, vifaru na risasi kuwapelekea waliokuwa wakipigana na Hitler, na kwa hiyo zilikuwa zikiwindwa baharini kama paa. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizivizia usiku na mchana. Vyuo vikubwa vya jeshi la nchi ile, la nchi kavu na la majini, viliwaweka wanafunzi wao masomoni mpaka wakahitimu. Hawa wa meli za biashara walipelekwa penye vita wakiwa bado na madaftari yao mkobani, na kazi za masomo za kufanya wakiwa njiani.

Waliokufa wakiwa bado wanafunzi ni 142. Narudia, wanafunzi. Hawakuwa na cheti. Kwa sharti letu la tatu, hata mmoja wao asingepata nafasi katika ubao wetu.

Nitaeleza habari za mmoja, maana hesabu kubwa huficha sura za watu. Jina lake Edwin Joseph O'Hara, kijana wa miaka 18 kutoka California, mwanafunzi wa upande wa mitambo. Mwezi wa Septemba 1942 alikuwa katika meli iitwayo Stephen Hopkins, iliyokuwa imetoka Cape Town ikivuka Bahari ya Atlantiki kuelekea Amerika ya Kusini. Tarehe 27, asubuhi yenye ukungu na manyunyu, ukungu ulipopasuka waliona meli mbili mbele yao. Moja ilikuwa Stier, meli ya vita ya Kijerumani iliyojifanya meli ya biashara ili iwakaribie watu bila kutambuliwa. Ya pili, Tannenfels, ilikuwa mhudumu wake. Stier ilikuwa na mizinga mikubwa sita. Stephen Hopkins ilikuwa na mzinga mmoja wa maana, nao uko nyuma, pamoja na bunduki kadhaa ndogo ndogo.

Nahodha wake, Paul Buck, alikataa kusimamisha meli. Aliigeuza ili ule mzinga wa nyuma uwaelekee adui, wakaanza kupigana, meli ya shehena na meli ya vita, kwa umbali mdogo. Waliokuwa wakiushughulikia mzinga waliangushwa mmoja baada ya mwingine. O'Hara, ambaye kazi yake haikuwa ya mizinga hata kidogo, aliwaona wameanguka wote, akakimbilia pale. Yalikuwa yamebaki makombora matano. Akayapiga yote matano, peke yake, kisha naye akapigwa akafa. Meli yao ilizama. Lakini Stier nayo ilikuwa imekwisha kuumizwa vibaya, ikashika moto, na siku ile ile ikazama.

Mashua moja tu ya kuokolea watu ndiyo iliyopatikana. Waliopanda ni 19, wengine wao wana majeraha mabaya. Mkubwa wao alikuwa mhandisi wa pili, George Cronk, mtu wa mitambo, si mtu wa ramani. Waliifuata njia ya magharibi kwa siku 31, wakigawana maji kidogo kidogo na kukinga mvua kwa tanga, mpaka wakafika pwani ya Brazil wakiwa 15. Na Cronk, muda wote huo, alikuwa akiandika kila siku katika daftari la safari.

Msomaji ataniuliza, ya nini kutueleza habari za mashua? Nazieleza kwa sababu habari za O'Hara tunazijua kwa ajili ya hao 15 tu. Wasingefika nchi kavu, tungejua kwamba meli ilitoka bandarini haikuonekana tena, basi. Ushujaa ungekuwa ule ule, na kijana angekuwa yule yule, ila hapana ambaye angeweza kuusimulia.

Tena liko jambo ambalo wengi huliruka. Katika meli ile ile alikuwamo mwanafunzi mwingine wa mpango ule ule, aitwaye Arthur Chamberlin, wa upande wa sitaha. Naye alikufa siku hiyo. Jumba moja pale chuoni limepewa jina la O'Hara, na vizazi vya wanafunzi vimesimuliwa habari za makombora matano. Habari za Chamberlin si wengi wanaozisimulia. Hata hivyo, katika hesabu ya wale 142 O'Hara ni mmoja na Chamberlin ni mmoja. Hapana mtu aliyekaa chini na mizani kupima nani alikufa kishujaa zaidi. Walikuwa wanafunzi wa pale, wakafa, wakahesabiwa.

Nimelitaja hili kwa sababu jibu la kwanza nililopewa, nilipozungumza na mjumbe mmoja wa kamati, ni hili: "Wale walikufa vitani, mwanangu. Hawa wetu wamekufa kwa malaria na kwa pikipiki." Nami nasema, hebu tufikiri vizuri walikufaje wale. Wengi wao hawakupiga kombora hata moja. Topedo hailetwi na tarishi kubisha hodi. Kijana wa mitambo yuko zamu chini, amevaa fulana, anatazama kipimo cha mvuke, mara ubavu wa meli unapasuka na bahari inaingia. Mwingine yuko kitandani. Mwingine amepata mashua, akafa kwa baridi katika maji ya kaskazini kabla hajaokolewa. Kama kuandikwa jina kungehitaji kitendo cha ajabu, orodha ile ingekuwa fupi sana, na akina mama wengi wangekosa mahali pa kuwaonyesha jina la mtoto wao.

Je, chuo kiliwafanyia nini? Wanafunzi wa Kings Point wanayo bendera ya vita, ambayo hapana chuo kingine cha serikali ya nchi ile chenye ruhusa ya kubeba ya namna yake, na katika bendera hiyo imeandikwa hesabu 142. Huibeba katika gwaride zao. Ni heshima kubwa. Lakini, nikithubutu kusema ya moyoni, mimi sivutiwi sana na hesabu peke yake, hata ikitariziwa kwa hariri. Hesabu ni kama sanda moja iliyofunika watu wengi. Kilichonivutia zaidi ni kazi ya wanafunzi wa zamani wa chuo hicho, waliokusanya habari za vijana wale, mmoja mmoja, pamoja na za wahitimu waliokufa katika vita ile ile: kazaliwa wapi, kasoma lini, kapanda meli gani, meli ikapatwa na nini. Kitabu chao, Braving the Wartime Seas, kilitoka mwaka 2014, karibu miaka 70 baada ya vita kwisha. Na katika jalada lake wametajwa wanafunzi na wahitimu pamoja, nao wanafunzi wametajwa kwanza. Ndilo jambo ninaloliomba hapa.

Wala msidhani kwamba watu hao walikuwa wakipendwa na kila mtu. Mabaharia wa meli za biashara waliorudi walikuta kwamba askari wanapewa haki zao na wao hawapewi, kwa hoja kwamba hawakuwa wanajeshi. Hawakukubaliwa kuwa ni wapiganaji wa zamani mpaka mwaka 1988, tena baada ya kwenda mahakamani, na wengi wao wakati huo walikuwa makaburini. Serikali iliwabagua kwa neno moja la kisheria. Chuo chao hakikungoja serikali ndipo kiwahesabu wafu wake.

Kwetu Afrika Mashariki tunajua vizuri maana ya kufa bila jina. Mjini Dar es Salaam iko sanamu ya askari wa shaba, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi. Kila mgeni huipiga picha. Na kitongoji cha Kariakoo, ambako watu huenda kununua vitambaa na vyombo, kimepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita ile. Sanamu tunayo, na soko tunalo, lakini majina ya wapagazi yako wapi? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na labda hawakukumbukwa kabisa. Ilihesabiwa enzi zile kwamba mpagazi si askari, basi hana haja ya jina lake mwenyewe katika jiwe. Wazee wetu wa kamati si watu wa namna hiyo, la hasha. Lakini sharti la tatu limetoka katika fikira ile ile, kwamba yuko mtu kamili na yuko mtu nusu.

Jibu la pili nililopewa ni gumu kidogo. Waliniambia, "Na yule aliyeondoka kwa aibu? Na yule ambaye kifo chake kilitokana na kosa lake mwenyewe? Naye tumwandike karibu na mlango ambao wageni wa mkoa huingilia?" Swali hili siliruki.

Tarehe 1 Oktoba 2015 meli ya shehena iitwayo El Faro, iliyokuwa ikitoka Florida kwenda Puerto Rico, ilizama karibu na visiwa vya Bahamas katika kimbunga kilichoitwa Joaquin. Watu wote 33 walikufa. Watano kati yao walikuwa wanafunzi wa zamani wa chuo cha mabaharia cha jimbo la Maine, kilichoko katika mji mdogo wa Castine. Mmoja wa hao watano ndiye aliyekuwa nahodha. Mwingine alikuwa kijana aliyehitimu mwaka ule ule. Mwaka 2016 chombo kilichokuwa kimenasa mazungumzo ya watu waliokuwa juu, penye usukani, kilitolewa sakafuni mwa bahari, kina cha zaidi ya mita 4,500, na mwaka 2017 wachunguzi wa serikali wakatoa taarifa yao. Walisema nahodha hakuchukua hatua za kutosha kukiepuka kimbunga, alitegemea habari za hewa zilizokwisha pitwa na wakati, na alichelewa kuwakusanya watu wake. Mwenye meli naye walimlaumu kwa usimamizi dhaifu.

Haya, kwa mizani ya kamati yetu, tungefanyaje? Tungemwandika kijana na kumwacha nahodha? Wote wawili walikaa katika madarasa yale yale, wakafundishwa kusoma mawingu na bahari ile ile, na bahari imewafunika pamoja. Orodha ya wafu si hukumu. Hukumu ilitolewa na waliopewa kazi ya kuhukumu, kwa maandishi, na kila anayejifunza unahodha leo anaweza kuisoma na kufaidika. Jina la marehemu likiandikwa halifuti kosa lake, na kosa lake halifuti ukweli kwamba alikuwa wa shule ile. Tena nadhani shule inayoficha majina ya waliokosea hujinyima somo ambalo isingelipata kwa bei nyingine.

Sasa nirudi nyumbani, nitaje watakaoachwa nje na sharti hili hapa kwetu. Kabla ya mwaka 2016, ada ilipoondolewa kidato cha kwanza mpaka cha nne, wangapi walirudishwa nyumbani wakaleta ada, wasirudi tena? Baadhi yao wamekufa. Wasichana waliopata mimba walikuwa hawaruhusiwi kurudi katika shule za serikali mpaka serikali ilipobadili amri hiyo mwezi wa Novemba 2021. Dada mmoja wa kijiji chetu alisoma katika shule yetu hii mpaka kidato cha tatu, na wakubwa wetu husema kwamba katika hesabu hapakuwa na mvulana wa kumfikia. Alitolewa shuleni mwaka 2019. Akafariki katika uzazi, hata ishirini hakufika. Mama yake bado analo sweta la shule, la kijani, lenye nembo yetu kifuani. Kamati ikimwambia mama yule kwamba mtoto wake si wetu, mimi nisingependa kuwapo.

Najua yako maneno ya nafasi na gharama. Ubao ni futi nane kwa nne, na dhahabu haipatikani bure. Kama shida ni hiyo, basi ubao na uachwe, linunuliwe daftari kubwa lenye jalada gumu, la bei ya mbuzi mmoja, liwekwe maktaba katika kabati la kioo. Daftari halijai upesi, na ndani yake patakuwa na nafasi ya kuandika zaidi ya jina: alikuwa kidato gani, alikaa bweni gani, alicheza nini, alikwenda kufanya kazi gani, na, ikiwa jamaa zake wameridhia, alifarikije. Liwe linafunguliwa mara moja kila mwaka katika sikukuu ya shule, majina yasomwe kwa sauti na kiranja wa zamu, kwa taratibu ya miaka waliyoingia shuleni. Nasema waliyoingia, si waliyomaliza. Neno hilo moja likibadilishwa katika sharti la tatu sina ugomvi tena na mtu.

Mkutano wa kamati ni Jumamosi ya mwisho kabla ya kufunga shule, saa nne asubuhi, katika chumba cha walimu, na barua za wanafunzi zitapokelewa mpaka Alhamisi yake. Mwalimu wa maktaba amekubali kuweka sanduku mlangoni. Mwenye jina la mtu aliyepata kusoma hapa akafariki, hata kama alisoma muhula mmoja tu, aliandike pamoja na mwaka wa kuingia na kijiji alichotoka, alitumbukize humo. Mimi nimekwisha kutia la kwanza.